Kadi ya kijani au uraia kamili? Hesabu ya mtu anayepanga kurudi Kisumu

Binamu yangu alizimwaga pasipoti zake mbili kwenye meza ya mama hapa Kisumu, ile ya zamani iliyokatwa kona pamoja na mpya, kisha akaomba kalenda. Iliyopatikana ni ya duka moja la agroveti la Kondele, kila mwezi na ng'ombe wake wa maziwa. Tukaanza kuhesabu: muhuri wa kuingia Kenya, muhuri wa kutoka, siku ngapi katikati. Safari iliyotutia wasiwasi ni ile ya kumzika baba yake. Mtu wa Nyanza hahitaji kuelezwa: mazishi hayaishi siku ya kufukia kaburi. Kuna bili ya hospitali, kuna mpaka wa shamba ambao marehemu peke yake ndiye aliyeujua, kuna mama aliyebaki peke yake kwenye nyumba kubwa. Likizo aliyoomba ilikuwa ya miezi miwili. Tulipomaliza kugusa ng'ombe mmoja mmoja, ilikuwa siku 197.

"Ni mbaya?" akauliza.

Mbaya si neno lake. Lakini imevuka miezi sita, na kwa mwenye kadi ya kijani ya Marekani (kibali cha kuishi huko kwa kudumu) anayewaza uraia, miezi sita ndiyo kizingiti.

Yeye alikwenda kusomea uzamili wa kemia, akapata kazi, mwajiri akamfuatilia kadi. Mimi nilipita njia hiyohiyo miaka michache mbele yake: nilikaa na kadi miaka sita, nikachukua uraia, na sasa nafundisha huku nyumbani. Kwa hiyo watu huniuliza: nibaki na kadi, au niape kiapo cha uraia? Nitalinganisha hivyo viwili, halafu niseme machache kuhusu Kanada kwa yule ambaye bado anachagua chuo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji anipime nao: anayetaka kurudi nyumbani ndiye anayeuhitaji uraia zaidi. Aliyekwisha kuamua kuzeekea Columbus au Dallas anaweza kuishi na kadi miaka na miaka bila kuumia sana. Watu wengi hulifikiria jambo hili kinyume chake.

Kwanza, woga wa shamba

Nikianza na siku, wazee watanikatiza, kwa sababu swali lao ni lilelile: "Ukiapa huko, shamba la babu yako litakuwa la nani?"

Woga huo una chanzo chake. Zamani Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa Kenya papo hapo. Bernard Lagat, mzaliwa wa Kapsabet, alikwenda Washington State University kwa mbio na masomo, akawa raia wa Marekani Mei 2004. Agosti mwaka huo alikimbia Athens akiwa na jezi ya Kenya na kuleta fedha ya mita 1500. Habari za uraia wake zilipotoka mwaka uliofuata, maswali yalikuwa mengi kuliko majibu. Mwaka 2007 kule Osaka alishinda dhahabu mbili za dunia, mita 1500 na 5000, ila bendera ilikuwa nyingine. Sheria ya wakati huo haikumwachia nafasi ya kuwa wa huku na wa kule.

Katiba ya 2010 ilibadilisha hilo. Ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Aliyeupoteza kabla ya hapo anaweza kuomba kuurejesha. Na sababu ya kuujali ni Ibara ya 65: asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa kukodisha, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo shamba la Vihiga au Siaya liko salama kwa raia wa kuzaliwa aliyeapa Marekani juzi. Kwa mjomba aliyeapa mwaka 1998 na hajawahi kurejesha uraia wake, hapo kuna kazi ya kufanya, na afadhali aifanye yeye mwenyewe kabla warithi hawajaifikia.

Kuna kesi iliyolipigania jambo hili hadharani. Miguna Miguna, mzaliwa wa Nyando, alikwenda Kanada akiwa kijana, akasomea sheria huko na kuchukua uraia wake. Februari 2018 serikali ya Kenya ilimtoa nchini kwa hoja kwamba si Mkenya tena. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba uraia wake wa kuzaliwa haukupotea. Lakini baada ya hukumu hiyo mguu wake haukukanyaga Nairobi hadi Oktoba 2022. Hukumu nzuri na mlango uliofunguka ni vitu viwili, na huo ndio umuhimu wa kuwa na karatasi zako sawa upande wa Kenya kabla hujazihitaji.

Karatasi yenyewe ni hii: sheria ya uraia ya 2011 inamtaka mwenye uraia wa nchi mbili aitangaze hali hiyo kwa Idara ya Uhamiaji ndani ya miezi mitatu. Asiyetangaza anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote. Nawajua watu kumi hivi walioapa. Waliotangaza ni wawili. Siku ya kiapo mtu anapiga picha na bendera ndogo, anazituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, anaingia mkahawani kula. Miezi mitatu inapita hivyo.

Siku, siku, siku

Sasa rudi kwenye kalenda ya agroveti.

Kadi ya kijani ni ruhusa ya kuishi Marekani. Haikupi ruhusa ya kuwa na kadi ya Marekani huku ukiishi Kisumu. Ukikaa nje mwaka mzima bila kibali cha kurejea, ofisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kukuuliza kama bado una makazi huko. Kibali hicho huombwa ukiwa bado ndani ya Marekani, kabla ya kuondoka, na hudumu hadi miaka miwili. Mzazi akipata kiharusi usiku wa kuamkia Jumapili, nani ana muda wa kujaza fomu?

Tena kibali hicho huokoa kadi tu. Saa ya uraia hakiisimamishi. Ili uombe uraia lazima uwe umekaa miaka mitano na kadi (mitatu kwa aliyeoa au kuolewa na raia na wanaishi pamoja), na ndani ya miaka hiyo mitano uwe umekuwepo nchini angalau miezi 30. Kisha kuna sharti la pili ambalo ndilo huangusha watu wetu: makazi yasiyokatika. Safari moja ya zaidi ya miezi sita inachukuliwa kuwa imeyakata hadi wewe uthibitishe vinginevyo. Safari ya mwaka au zaidi inayakata, basi. Unaweza kuwa na miezi 40 ndani ya nchi, bado safari moja ya mazishi ikakurudisha nyuma.

Na miaka ya viza ya mwanafunzi haihesabiwi hata siku moja. Hili huwauma walioanza na shahada ya kwanza. Miaka minne ya shahada, mmoja hadi mitatu ya ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, kisha viza ya mwajiri ambayo kwa kawaida ina kikomo cha miaka sita, ndipo kadi, ndipo miaka mitano ianze. Mtu aliyeondoka na begi lenye nembo ya shule ya sekondari anaapa akiwa na mvi.

Raia hana kalenda. Mimi nimekaa Kisumu mfululizo tangu nilipopata kazi ya kufundisha, na hakuna atakayenihesabia muhuri. Ndiyo maana nasema uraia wa ng'ambo, kwa mtu wa sampuli yangu, umekuwa tiketi ya kurudi nyumbani. Ningebaki na kadi, ningekuwa nikiruka kila baada ya miezi mitano kwenda kuonyesha uso, nauli ikila mshahara wa mhadhiri ambao wenyewe unajulikana.

Wazazi na watoto

Mwenye kadi anaweza kumwombea mume au mke, na watoto wasio na ndoa. Wazazi hawezi. Raia aliyetimiza miaka 21 anaweza kuwaombea wazazi, na kundi hilo halina foleni ya idadi ya kila mwaka. Ndugu nao ni raia tu anayewaombea, ila hiyo ni foleni ya zaidi ya miaka kumi. Usimuuzie mdogo wako wa Kakamega matumaini hayo akaacha kutafuta kazi.

Hata hivyo, niwe mkweli: wazazi wengi wa huku hawataki kuhamia. Mama yangu alikuja mara moja wakati wa baridi, akakaa wiki tatu, akauliza kama majirani wote wamekufa. Faida hii inaonekana kubwa kwenye karatasi kuliko ilivyo kwenye maisha.

Ya watoto ndiyo nzito. Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye kadi, anayeishi Marekani na mzazi wake, huwa raia palepale mzazi anapoapa. Bila mtihani. Akishafika 18, huo mlango umefungwa na atajiombea mwenyewe kama mtu mzima yeyote. Binamu yangu ana binti wa miaka 15. Nilipomwambia hivi, alifunga kalenda na kunitazama kwa mara ya kwanza jioni ile.

Kodi, ada na mtihani

Uvumi unasema ukichukua uraia ndipo kodi ya Marekani itakufuata hadi Kondele. Kwani kadi haikufuati? Mwenye kadi na raia wote hutakiwa kutangaza mapato yao ya dunia nzima. Tofauti ni ya kushuka kwenye gari: kadi unaweza kuirudisha rasmi, uraia lazima uukane. Wengi wetu hatulipi chochote zaidi, kwa kuwa kipato cha kazi ya nje kina msamaha (mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola 130,000, na mhadhiri wa Kisumu hafiki huko hata akifundisha vyuo vitatu). Ila fomu hujazwa kila mwaka, na akaunti zako za nje zikivuka jumla ya dola 10,000 kuna fomu nyingine ya kuzitaja. Usipojaza, adhabu yake haina utani.

Ada: tangu Aprili 2024 ombi la uraia ni dola 710 mtandaoni au 760 kwa karatasi, mara moja tu. Kadi hufanywa upya kila miaka 10 kwa dola 415 mtandaoni. Kwa miaka thelathini, kadi ni ghali zaidi.

Mtihani usikutishe. Walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 wanaulizwa maswali 20 kutoka orodha ya 128 na wanatakiwa kupata 12. Aliyepita KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, anasoma wikendi mbili.

Kiapo ndicho kinachomkwama mtu kooni. Unatamka kwamba unakana utiifu wote kwa dola nyingine yoyote. Nilikisema na nikaona sura ya nyanya yangu. Kisheria Kenya haikunipoteza kwa maneno hayo, na Marekani haikudai nirudishe pasipoti ya Kenya. Lakini nawaheshimu wanaoshindwa kukitamka. Hilo halina hesabu ya siku wala dola, na sitamshawishi mtu.

Nani asiape

Anayewinda kiti. Ibara ya 78 ya Katiba ya Kenya inamkataza ofisa wa serikali wa ngazi za kikatiba kuwa na uraia wa nchi mbili, na orodha yake ni ndefu kuliko watu wanavyodhani: gavana na naibu wake, wabunge, wawakilishi wa wadi, mawaziri wa kitaifa na wa kaunti, makatibu wa wizara. Majaji na makamishna wa tume wameachwa nje ya katazo hilo. Mwanajeshi hakuachwa. Daktari wa hospitali ya rufaa au mhadhiri wa Maseno si ofisa wa aina hiyo, kwa hiyo aape bila hofu. Lakini kama kila Desemba unachangia mechi za vijana wa wadi na umeanza kuitwa mheshimiwa, baki na kadi.

Asiape pia mwenye kesi ya jinai isiyokwisha au aliyewahi kuandika uongo kwenye fomu. Ombi la uraia hufukua faili zima kuanzia viza ya kwanza. Huyo amwone wakili kabla ya kugusa chochote.

Kwa ambaye bado hajapanda ndege

Kama barua mbili za chuo ziko mezani, moja ya Marekani na moja ya Kanada, na unajua moyoni kwamba siku moja utarudi, weka haya ubavu kwa ubavu:

| | Marekani | Kanada |
|---|---|---|
| Siku za masomo | Hazihesabiwi | Kila siku ni nusu, hadi jumla ya 365 |
| Kabla ya kuomba uraia | Miaka 5 na kadi, miezi 30 ndani | Siku 1,095 ndani ya miaka 5, ukiwa mkaazi wa kudumu |
| Kulinda ukaazi ukiwa nje | Mwaka nje bila kibali ni hatari | Siku 730 ndani katika miaka 5 |
| Mtihani | 12 kati ya 20 | 15 kati ya 20, kwa wa miaka 18 hadi 54 |
| Raia anayeishi Kisumu na kodi | Anajaza fomu kila mwaka | Kodi hufuata makazi, si uraia |

Chukua mfano wa mwanafunzi wa uzamili wa miaka miwili. Siku zake 730 za darasani Kanada zinageuka 365. Akipata ukaazi wa kudumu mapema baada ya hapo, anahitaji siku 730 nyingine tu, yaani miaka miwili akiwa hapo. Yule wa Marekani, siku aliyoshika kadi ndiyo siku ya kwanza, bila kujali alikaa huko muda gani.

Angalia pia safu ya tatu. Mkaazi wa kudumu wa Kanada anaweza kuwa nje miaka mitatu kati ya mitano na bado akawa sawa. Binamu yangu angekuwa Toronto, siku zake 197 zingempunguzia hesabu ya uraia lakini zisingemkata popote. Na wazazi wake wangeweza kuomba viza maalumu ya wazazi inayoruhusu kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja.

Kwa sharti la uraia pekee, basi, mtu wa kurudi achague Kanada. Lakini uraia si karo. Ufadhili kamili wa uzamifu, ambao Marekani hutolewa kwa wingi zaidi, una thamani kuliko sheria nzuri ya siku utakayoifikia ukiwa umefilisika. Walioondoka na ndege za Tom Mboya kwenda Marekani mwaka 1959 walifuata masomo, wakarudi kujenga nchi, na wengi wao hawakuhitaji kulinganisha pasipoti. Siku hizi karo na viza vimeshikana kama chapati mbili zilizoiva pamoja, na huna budi kuzitenganisha kwa vidole.

Jambo dogo la mwisho la safari: raia wa Marekani hutakiwa kutoka na kuingia kule kwa pasipoti ya kule. Kisumu ingia na ya Kenya. Ukiingia na ile ya Marekani utalipia idhini ya kusafiri kama mtalii na kupigiwa muhuri wa siku zenye kikomo kwenye nchi uliyozaliwa. Ofisi ya pasipoti iko hapahapa mjini, pamoja na Nakuru na Eldoret. Kuipitia ukiwa likizo ni rahisi kuliko kusubiri miadi ya ubalozi.

Binamu yangu alikuwa na njia mbili. Asubiri hadi safari ile ya mazishi itoke kabisa ndani ya miaka mitano inayotazamwa, au aombe sasa na kuthibitisha kwamba makazi yake hayakukatika. Mumewe na watoto hawakutoka Columbus muda wote ule. Kodi ya nyumba ililipwa, mwajiri alimhifadhia kazi, na barua ya likizo anayo. Kisha kuna binti wa miaka 15.

Ameamua kuomba sasa. Jana alinipigia kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu akiuliza kama cheti cha kifo cha baba kinatosha au aambatanishe na kibali cha mazishi. Nikamwambia aweke vyote. Kalenda ya agroveti ameondoka nayo. Mama anaitafuta hadi sasa, maana ndiyo aliyoandikia siku ya ng'ombe kuzaa.